Sheshe, Tembo na Mpunga: Utalii wa Wanyamapori Unamfaa Nani Bondeni Kilombero?

Abiria wa treni ya TAZARA atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, iwapo safari yake imeangukia saa za mchana, hupata utalii asioulipia. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hukata nyika za kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na aliyekaa dirishani huweza kuona twiga, nyumbu, na pengine kundi la tembo likiondoka polepole kuukimbia mngurumo wa injini. Baada ya Kidatu mandhari hubadilika. Kulia husimama ukuta wa milima ya Udzungwa uliovikwa msitu. Kushoto huanza mashamba ya miwa, kisha ya mpunga, na nyuma yake uwanda ambao jicho halioni mwisho wake. Huko ndiko Mang'ula, na mbele zaidi Ifakara.

Katika sehemu hii ya reli tembo yule yule aliyeshangiliwa na abiria huwa na sura nyingine. Mkulima wa Mang'ula asikiapo usiku matete yakivunjika pembezoni mwa shamba lake hafikirii fedha za kigeni. Hufikiria ekari moja ya mpunga uliokwisha kutoa masuke.

Kwa miaka mingi wananchi wameambiwa, madarasani na mikutanoni, kwamba wanyamapori ni utajiri wa taifa. Kauli hiyo ni ya kweli. Lakini taifa ni pana na shamba ni dogo, na yafaa kuuliza fedha iletwayo na mtalii hupita njia gani, na ni kiasi gani chake kimfikiacho yule ambaye mnyama hupita mlangoni kwake. Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo, kwa kuwa karibu kila njia iliyopata kubuniwa nchini Tanzania ya kuunganisha hifadhi na maslahi ya wananchi imejaribiwa hapa.

Bonde na mafuriko yake

Bonde lina urefu wa kilometa zipatazo 250 na upana unaofikia kilometa 65. Upande wa kaskazini-magharibi limezuiwa na Udzungwa, na upande wa kusini-mashariki na milima ya Mahenge. Kutoka katika milima hiyo na nyanda za juu zilizo nyuma yake hushuka mito mingi: Ruhudji, Mnyera, Mpanga, Kihansi, Ruipa, na Lumemo upitao kando ya mji wa Ifakara. Maji yashukayo kwa kasi milimani hufika kwenye uwanda ulio karibu sawa na meza. Hapo mwendo wake hupungua, mchanga na tope hutua chini, na mto ambao hauwezi tena kuyabeba maji yote huyamwaga nje ya kingo zake. Ifikapo mwezi wa Aprili sehemu kubwa ya uwanda huwa imegeuka ziwa lenye majani.

Tangu Juni maji huanza kuondoka. Yanapoondoka huacha udongo wenye rutuba na unyevunyevu, na juu yake huchipua nyasi changa wakati ambapo nyika za pande zote zimekwisha kukauka na kuchomwa moto. Hiyo ndiyo sababu ya wingi wa wanyama bondeni: nyati, tembo, kiboko, kuro, tohe, na simba awafuataye. Wandamba, ambao ni wenyeji wa kale wa uwanda huu, walipanga maisha yao kwa kuufuata mzunguko uo huo. Walipanda mpunga mvua zianzapo, wakavua kambale na perege maji yateremkapo.

Mnyama aliyeumbwa hasa kwa ajili ya mzunguko huu ni sheshe, ambaye wanasayansi humwita Kobus vardonii. Ni swala wa rangi ya dhahabu iliyoiva, dume lake likiwa na uzito wa kilo 75 hivi, na pembe huota kwa dume peke yake. Sheshe hakai majini wala hakai mbali na maji. Mafuriko yakipanda husogea hadi ukingo wa miombo. Yakishuka huyafuata nyuma hatua kwa hatua, akila nyasi fupi zilizochipua jana. Duniani anapatikana kwa wingi Zambia na bondeni Kilombero, na mahali pengine ni wachache tu. Makadirio ya mwisho wa miaka ya 1990 yaliweka idadi ya sheshe wa Kilombero kuwa zaidi ya 50,000, kundi kubwa kuliko jingine lolote. Hesabu zilizofanywa baadaye kutoka angani zimeonesha upungufu mkubwa, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka sheshe miongoni mwa wanyama wanaokaribia kuingia hatarini. Sababu haihitaji darubini. Ukanda ambao sheshe huhitaji wakati wa masika, yaani ule ukingo mkavu kati ya maji na msitu, ndio ukanda ambao kila mkulima na kila mfugaji huutaka pia.

Ndege nao wana habari yao. Mnana mmoja wa matete ya Kilombero hakupewa jina la kisayansi hadi mwaka 1990, na ndege wengine wawili wadogo wa uwanda huu walisubiri hadi mwaka 2021. Mwaka 2002 eneo la karibu kilometa za mraba 8,000 la bonde liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Wala jambo hili si la wapenda ndege tu. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji hutoka Kilombero, na maji hayo ndiyo yazungushayo mitambo ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Mali ya dola

Katika sheria za Tanzania mnyamapori ni mali ya umma iliyo mikononi mwa dola, hata akiwa amesimama katikati ya shamba la mtu. Msingi wa utaratibu huu ni wa kale. Utawala wa Wajerumani ulianza kutenga mapori mwaka 1896. Waingereza waliyaunganisha baadhi yake mwaka 1922 wakalipa pori hilo jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa huko mwaka 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza. Bonde la Kilombero lilifanywa Pori Tengefu mwaka 1952. Katika pori tengefu uwindaji uliwekewa leseni, lakini watu waliendelea kukaa, kulima na kuvua. Baada ya uhuru msingi huo ulibakia, ijapokuwa madhumuni yalibadilika: Julius Nyerere, katika tamko la Arusha la Septemba 1961, aliahidi kuwalinda wanyama kwa faida ya vizazi vijavyo vya nchi yenyewe.

Ulinzi uliotegemea askari peke yao ulipimwa na ujangili, na kipimo kilikuwa kikali. Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walihesabiwa kuwa wapatao 109,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 30,000. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya kimataifa ya biashara ya meno ya tembo iliyopitishwa mwaka huo huo ziliwapa nafuu, wakaongezeka tena. Kisha wimbi la pili la ujangili likaja, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta tembo 13,084 tu. Jangili hawezi kupita porini bila mwenyeji wa kumwonesha njia, kumficha na kumpatia chakula. Mwenyeji ambaye hapati lolote kutokana na tembo aliye hai huuza ujuzi wake kwa bei ndogo mno. Jambo hili lilikwisha kutambuliwa tangu mwisho wa miaka ya 1980, ndipo mashirika ya hifadhi yakaanza kuzungumza lugha ya ujirani mwema.

Kuwinda na kutazama

Utalii wa wanyamapori ni wa namna mbili, na wanafunzi wengi huijua namna moja tu. Mtalii wa kutazama hulipa kiingilio, hupiga picha, hulala hotelini. Watalii wa namna hii huenda kwa wingi kaskazini, Serengeti na Ngorongoro, ambako barabara ni nzuri na wanyama huonekana wazi. Mtalii wa kuwinda huja peke yake au na mwenzake mmoja, hukaa kambini wiki mbili au tatu, na hulipa fedha nyingi kwa ajili ya wanyama wachache walioandikwa katika kibali chake. Hahitaji barabara nzuri wala hoteli kubwa. Kwa sababu hiyo uwindaji huweza kulipa mahali penye mbung'o, majani marefu na mafuriko, ambapo mtazamaji hawezi kufika. Na kwa miaka mingi sheshe na nyati wa Kilombero waliingiza fedha kwa njia hii.

Wako wanaochukizwa na jambo la kuua mnyama kwa ajili ya kumtundika ukutani, nao wana haki ya kuchukizwa. Kibiolojia, hata hivyo, swali ni la hesabu. Katika wanyama ambao dume mmoja hupanda majike wengi, kuondolewa kwa madume wachache waliozeeka hakupunguzi idadi ya ndama wanaozaliwa. Kunapunguza pale mgawo wa kuwinda unapokisiwa ofisini bila wanyama kuhesabiwa, au pale dume kijana anapouawa kabla hajalea kizazi chake. Kwa simba, Tanzania imeweka umri wa miaka 6 kuwa kipimo, kwa kuwa simba dume mgeni akilichukua kundi baada ya mwenyewe kuuawa, huua watoto waliomo.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba kamba yake imeshikwa mbali. Mnamo Aprili 2014 serikali ya Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania. Uamuzi ulifanyika Washington, na mapori yaliyotegemea wawindaji wa Kimarekani yakapungukiwa na wateja msimu ule ule. Mtalii wa kutazama naye hana uhakika zaidi. Watalii walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipofunga viwanja vya ndege vya dunia, walikuwa 620,000 hivi. Kijiji kilichotegemeza zahanati yake juu ya fedha hizo hakikuwa na la kufanya.

Ngolaga wa Sanje

Upande wa milimani mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwaka 1979 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya utafiti katika msitu wa Mwanihana, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia mlio wa kima wasiyemfahamu. Msaidizi wao mwenyeji hakushangaa. Aliwaambia kuwa huyo ni ngolaga. Baadaye walimkuta mmoja kijijini Sanje, amefungwa kamba, akifugwa na mwanakijiji. Hivyo ndivyo sayansi ilivyompata ngolaga, ambaye leo huitwa Cercocebus sanjei na hapatikani mahali popote duniani ila Udzungwa. Vitabu husema aligunduliwa mwaka ule. Wazee wa Sanje, bila shaka, wangeuliza aligunduliwa na nani.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ikiwa na eneo la kilometa za mraba 1,990, na makao yake makuu yakawekwa Mang'ula. Ndani yake magari hayazunguki kutafuta wanyama. Mgeni hutembea kwa miguu. Hupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambapo maji huanguka jumla ya mita 170 hivi, au huwafuata mbega wekundu na ngolaga msituni. Idadi ya wageni wa Udzungwa ni ndogo mno ikilinganishwa na ya Serengeti. Hata hivyo, kwa mintarafu ya maslahi ya wenyeji, utalii wa miguu una sifa moja kubwa. Mtalii arukaye kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi kambi ya kifahari amekwisha kulipa kila kitu kabla hajafika, mara nyingi kwa kampuni iliyo ng'ambo; Ifakara yeye huiona kwa juu. Mtalii wa miguu humhitaji mwongozaji, mpagazi, mpishi, chumba cha kulala, mchele, ndizi na viatu vya kushonwa upya. Shilingi yake hupita katika mikono mingi kabla haijatoka Mang'ula. Kwa hiyo wageni mia moja wanaotembea huweza kuufaa mji mdogo kuliko wageni mia tano wanaoruka juu yake, na takwimu za taifa zisioneshe tofauti hiyo kabisa.

Hifadhi hii nayo ilikuwa na gharama yake kwa jirani. Hadi mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia ukingoni mwa msitu siku maalumu za juma na kuokota kuni zilizokauka. Mwaka huo ruhusa iliondolewa. Sababu za kisayansi zilikuwepo, kwani kuni zilikuwa zikipungua na kwa kisingizio cha kuni mitego iliweza kutegwa. Lakini mzigo wa uamuzi ule ulibebwa vichwani mwa akina mama. Wengine walipanda miti yao, wengine walijifunza kutumia majiko sanifu na pumba za mpunga, na wengine walianza kununua kile ambacho jana hakikuuzwa. Asemaye kwamba hifadhi humletea mwananchi faida hana budi kuondoa kwanza, katika hesabu yake, thamani ya mzigo ule wa kuni.

Kijiji kuwa mbia

Sera ya wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango mpya. Ilikubali kwamba vijiji vinavyopakana na hifadhi viweze kutenga sehemu ya ardhi yao, kuunda jumuiya, na kupewa mamlaka ya kuwatumia wanyama waliomo kwa kufuata sheria. Kanuni za kwanza za jumuiya hizi za hifadhi ya wanyamapori zilitolewa mwaka 2002. Bondeni Kilombero jumuiya ya namna hiyo ni ILUMA, jina lililotokana na Ifakara, Lupiro na Mang'ula, nayo ipo kati ya vijiji na Hifadhi ya Nyerere.

Utaratibu wake ni huu. Vijiji hupanga matumizi ya ardhi, huchagua wajumbe, na jumuiya huingia mkataba na mwekezaji wa uwindaji au wa utalii wa picha. Serikali huchukua fungu lake. Katika kilichobaki, kanuni zimeagiza kwamba kisichopungua asilimia 50 kiende kwa vijiji wanachama, asilimia 25 kwa uendeshaji wa jumuiya, na asilimia 15 kwa utunzaji wa maliasili yenyewe, kama vile mishahara ya askari wa vijiji.

Kwa maandishi mpango huu ni wa haki kuliko yote iliyoutangulia. Ugumu wake huonekana katika kugawanya. Nusu ya mapato ikigawanywa kwa vijiji vingi, na kila kijiji kikiwa na watu maelfu, fungu la mtu mmoja huwa dogo kiasi cha kutoonekana. Kwa hiyo busara ni kulitumia kwa pamoja, katika darasa, kisima au zahanati. Lakini tembo hali kwa pamoja. Hula shamba la mtu mmoja, na darasa jipya halimrudishii huyo mpunga wake. Hapo ndipo mipango mingi ya namna hii ilipokwama barani Afrika: faida ni ya wote na hasara ni ya mmoja.

Watafiti walioizunguka ILUMA katika miaka ya karibuni wameeleza kuwa upande wake unaopakana na Hifadhi ya Nyerere bado una wanyama wengi, ilhali upande ulio karibu na vijiji umeliwa na mifugo, mashamba na tanuri za mkaa. Askari wa vijiji hulipwa kutokana na mapato. Mapato yakikosekana, doria hukoma. Doria ikikoma, wanyama huondoka. Nao wakiondoka, mwekezaji hana la kuja kufanya. Mzunguko huu huweza kuanza na msimu mmoja mbaya.

Usiku mmoja shambani

Tembo mkubwa huweza kula kilo 150 za majani kwa siku, na mpunga uliokomaa ni chakula bora kuliko nyasi za porini. Madhara ya kukanyaga huzidi ya kula. Kundi la tembo watano likikaa saa tatu katika ekari mbili, asubuhi hakuna cha kuvuna.

Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha malipo mawili yenye majina ambayo kila mtu bondeni anayajua: kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni hizo ziliweka kifuta jasho kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, tena kwa ekari zisizozidi tano. Na kwa kifo shilingi 1,000,000. Ikichukuliwa kwamba ekari moja ya mpunga ingetoa magunia kumi, basi kiwango cha chini ni sawa na shilingi 2,500 kwa gunia. Mwalimu wa hisabati na aulinganishe mtaji huo na bei ya gunia sokoni Ifakara wiki anayofundisha. Majina yenyewe yamesema ukweli: ni cha kufutia jasho, hakikukusudiwa kuwa fidia.

Njia moja iliyoleta matumaini ni ya kibiolojia. Tembo, pamoja na ukubwa wake, huogopa nyuki, kwani huumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho, ambapo ngozi ni laini. Ugunduzi huo uliofanyiwa kazi kwanza Kenya uliletwa ukingoni mwa Udzungwa, katika mashamba ya Njokomoni karibu na Mang'ula. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya mizinga yote hutikisika, na nyuki hutoka. Uzio huu hauzuii tembo wote, na mzinga usio na nyuki haumtishi yeyote, lakini umepunguza uvamizi, na asali huuzwa. Ni nadra katika habari za hifadhi kukuta chombo ambacho humlipa mtu yule yule aliyekuwa akipata hasara, tena mahali pale pale.

Njia ya kupita

Yote haya yatakuwa na maana iwapo tembo watakuwa na pa kupita. Tangu kale walivuka bonde kutoka Udzungwa kwenda Selous na kurudi. Watafiti waliochunguza njia hizo, yaani shoroba, mwanzoni mwa karne hii walizikuta mbili za Nyanganje na Ruipa zikiwa karibu kuzibwa kabisa na mashamba na makazi. Si wakulima peke yao waliosongamana hapa. Wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 ili kuuokoa mto Ruaha Mkuu walitafuta nyasi mahali pengine, na wengi wao walishukia Kilombero. Mwishoni mwa mwaka 2012 operesheni nyingine ikawaondoa Kilombero. Kuhamisha tatizo kutoka bonde moja hadi jingine hakulitatui, na ng'ombe, kama sheshe, huyafuata maji. Mwaka 2023 Pori Tengefu lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, ambamo kulima na kuchunga hakuruhusiwi. Jambo hilo lina uzito kwa sheshe, na lina uzito vile vile kwa watu ambao mashamba yao yalikuwa ndani ya mpaka.

Njia iliyobaki hupita katika ardhi ya vijiji, miongoni mwavyo Mang'ula A, Sole na Kanyenja. Wanavijiji walikubali kutenga kipande cha ardhi, na wenye mashamba yaliyoingia ndani yake walilipwa. Pande zake mbili ziliwekewa uzio ili tembo apitaye asiingie katika mpunga, na barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa kwa lami, ilijengwa pia njia ya tembo chini yake. Hapa utalii haujaleta chochote bado. Fedha zimetoka kwa wafadhili na serikali. Lakini bila njia hiyo tembo wa Udzungwa watakuwa kundi dogo lililofungiwa mlimani, likizaliana lenyewe kwa lenyewe, na Mang'ula itakuwa imepoteza sehemu kubwa ya kile inachomwonesha mgeni.

Shule zilizo karibu na hifadhi yoyote, bondeni Kilombero au kwingineko, zinaweza kuichunguza habari hii kwa kalamu na daftari. Wanafunzi waende katika ofisi ya kijiji na kuomba hesabu tano: ekari zilizoharibiwa na wanyama kwa mwaka; kifuta jasho kilicholipwa, na siku zilizopita tangu madai hadi malipo; fungu la kijiji kutoka katika jumuiya au mfuko wa ujirani mwema; ajira za waongozaji, wapagazi na askari wa vijiji, na ngapi kati yake ni za wanawake; na mwisho, kile ambacho zamani kilichukuliwa porini bure na sasa hununuliwa. Hesabu za miaka mitano ziwekwe katika jedwali moja, zile za faida upande mmoja na zile za gharama upande wa pili, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.